Uhuru wa Mshairi au Ujinga wa Tuisheni?

Msimu wa mitihani ukikaribia, Mombasa hujaa madarasa ya jioni. Mwalimu wa tuisheni huketi na wanafunzi wa kidato cha nne akawakaririsha orodha: inkisari ni kufupisha neno, mazida ni kulirefusha, tabdila ni kulibadilisha bila ya kuathiri mizani. Kisha huwapa kanuni yake: neno lolote la shairi lisilofanana na Kiswahili cha kitabuni ni uhuru wa mshairi, liandikwe, alama ipatikane.

Mwalimu huyo si wa kudhihakiwa. Karatasi ya Fasihi katika mtihani wa KCSE ina alama 80, na swali la ushairi lina alama 20. Mzazi amelipa, na anachokitaka ni alama. Lakini kanuni hiyo ni ya uongo, na anayedhurika zaidi ni mtoto wa pwani.

Ni kweli, wako washairi wanaofinyanga maneno kwa ajili ya vina na mizani. Ila mwanafunzi akikuta "mato", "nti" na "ndia", huandika kwamba mshairi amegeuza macho, nchi na njia. Amegeuza nini? Hicho ni Kimvita, lugha ya bibi yake mwanafunzi mwenyewe. Muyaka bin Haji alifariki yapata mwaka 1840. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928, tena katika mkutano uliofanyika Mombasa. Vipi Muyaka avunje kanuni iliyokuja karibu miaka 90 baada ya kufa kwake?

Na hata alama zenyewe njia hii haizileti. Shairi la mtihani kwa kawaida ni geni kwa mtahiniwa. Huulizwa ujumbe, nafsineni na toni, na hutakiwa auandike ubeti kwa lugha ya nathari. Aliyekariri orodha huhesabu mizani nane kwa nane, asijue anayelia ni nani wala analilia nini.

Mwalimu anayestahili ada yake na aanze na sauti. Shairi lisomwe, liimbwe kwa mahadhi, lirudiwe. Mwanafunzi aulizwe ni nani anasema na nani. Neno likimtatiza, amuulize kwanza mzee wa nyumbani. Istilahi zije baada ya hayo, nazo hazitamchosha. Na mzazi, kabla ya kulipa mwezi mwengine, amwambie mwanawe amghanie ubeti mmoja na kumweleza maana yake.