Ajali Ina Kinga: Tuache Kujificha Nyuma ya Methali

Kila jengo linapoporomoka au shimo la mgodi linapofukia watu, methali moja hufika kabla ya magari ya zimamoto: ajali haina kinga. Methali hii ina hekima yake. Wahenga waliitumia kumfariji aliyepatwa na jambo ambalo mkono wa mtu usingeweza kulizuia. Sisi tumeitoa msibani tukaipeleka kazini, na huko imekuwa wakili wa mwajiri.

Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa nne la Kariakoo lilianguka biashara zikiendelea. Waliofariki hawakupungua 29. Katika miaka 11 iliyotenganisha misiba hiyo miwili, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, iliyotungwa mwaka 2003, ilikuwapo muda wote. Kwa hiyo tusiseme hatukuwa na sheria.

Chini ya mwezi mmoja baada ya msiba ule wa 2013, nchini Bangladesh, jengo la Rana Plaza lenye viwanda vya nguo liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku iliyotangulia. Benki iliyokuwamo humo iliwaambia watumishi wake wasije kazini. Washonaji waliamriwa warudi kwenye cherehani. Jengo lilikuwa moja na nyufa zilikuwa zilezile. Kilichowatenganisha walionusurika na waliokufa ni kwamba upande mmoja uliruhusiwa kukaa mbali, na upande wa pili haukuwa na uwezo wa kusema, "Siingii." Hapo methali yetu inatusaidia nini?

Miezi michache iliyopita nilisimama kwenye jengo linalojengwa karibu na ninapoishi. Kijana mmoja, saidia fundi, alikuwa juu ya mirunda, ghorofa ya tatu, amevaa kandambili, ndoo ya zege mkononi. Aliposhuka alinipa shikamoo, nami nikamuuliza kwa nini hajafunga mkanda. Akacheka kidogo. "Mzee, mikanda ipo stoo. Inatolewa wakija wakaguzi." Nikamuuliza kwa nini asiidai. "Nikiidai leo, kesho siitwi."

Wasomi tungeiita hali ile tabia hatarishi, kisha tungeandaa semina, na kijana angepewa fulana yenye maandishi ya kumhimiza ajilinde. Lakini yeye anaijua hatari kuliko mtoa mada. Anapima hatari mbili, kuanguka leo au kulala njaa kesho, na anachagua ile ambayo huenda isitokee.

Sisemi kwamba mfanyakazi hana lawama kabisa. Yupo fundi umeme anayeshika nyaya bila kuzima swichi kuu kwa kuwa "amezoea". Yupo mchomeleaji anayefanya kazi kwa miwani ya jua, na yupo anayemcheka mwenzake aliyevaa kofia ngumu kwamba ni mwoga. Hawa tuwaambie ukweli bila kuwabembeleza: aliyenusurika mara mia hajathibitisha kuwa njia yake ni salama. Hata hivyo, mazoea mabaya hayaoti yenyewe. Msimamizi anayemsifu anayemaliza haraka na kumkaripia anayeuliza maswali ndiye anayeyapanda na kuyamwagilia.

Taaluma ya usalama kazini ina mpangilio unaoeleweka. Kwanza iondoe hatari yenyewe. Ikishindikana, tumia kifaa au njia yenye hatari ndogo zaidi. Kisha weka vizuizi na kingo, halafu panga kazi na zamu vizuri. Kofia, glovu na mkanda ni ngome ya mwisho. Sisi tunaanzia mwisho, na mara nyingi tunaishia kwenye picha ya watu waliovaa kofia siku ya mgeni rasmi.

Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka alindwe mfanyakazi anayejiondoa kwenye kazi akiwa na sababu ya msingi ya kuamini kwamba ina hatari kubwa na ya karibu kwa uhai au afya yake. Tangu Juni 2022, mazingira salama na yenye afya yamehesabiwa na Shirika hilo miongoni mwa haki za msingi kazini. Haki hiyo haina maana kwa kibarua anayechaguliwa getini kila asubuhi, asiye na mkataba wala jina kwenye daftari. Mpeni kwanza mkataba, ndipo mtamsikia akiuliza mkanda uko wapi.

Mtumishi wa umma unayesoma hapa, ukaguzi unaotangazwa wiki moja kabla ni ziara ya heshima. Nenda bila taarifa, na uzungumze na kibarua msimamizi wake asiposikia. Mwanaharakati, dai taarifa za uchunguzi wa majengo yaliyoanguka ziwekwe hadharani, zisomwe na mafundi na wapangaji. Mwanafunzi unayekwenda mafunzo kwa vitendo, uliza kuhusu usalama kabla hujauliza kuhusu posho.

Nami sijitoi lawamani. Kwa miaka mingi nimesaini fomu za wanafunzi wanaokwenda viwandani na migodini bila kuuliza hata mara moja watasimama wapi na watavaa nini. Mmoja wao angeumia, ningeandika barua ya pole, na bila shaka ningeianza kwa ile methali. Muhula huu fomu isiyo na majibu hayo inarudi bila saini yangu.