Reli Iinuliwe, Mgongo Upumue

Nilipokuwa Uingereza kwa masomo ya ubingwa, alifika kliniki mzee mmoja mstaafu mwenye maumivu ya kiuno ya miaka mingi. Alipoulizwa ni lipi linalomsumbua zaidi, hakutaja usingizi wala ngazi za nyumbani kwake. Alisema ameiacha reli yake. Daktari mmoja alikuwa amemwonya asiiname tena, naye akatii: akayafungia magarimoshi yake kabatini, akawa mtu wa kushinda kitini mbele ya televisheni.

Reli hiyo ilikuwa ya bustanini. Huko ni burudani ya watu wazima: garimoshi dogo la mvuke au la umeme hupita kwenye njia yenye upana wa milimita 32 au 45 tu, likizunguka kati ya maua na mawe. Njia ikilazwa ardhini hupendeza macho, lakini humtoza mwenyewe kodi ya mgongo. Majani yaliyoanguka hufagiliwa, reli husuguliwa, maungio hukaguliwa. Reli ya shaba ya njano yenye urefu wa mita 10 hurefuka kwa takribani milimita 6 joto linapopanda nyuzi 30, hivyo maungio yake hayaachwi bila uangalizi. Kila moja ya kazi hizo ni ya kupiga magoti au kuinama.

Onyo la yule daktari lilikuwa na msingi. Katika miaka ya 1960, vipimo vya daktari wa Uswidi, Alf Nachemson, vilionyesha kuwa shinikizo ndani ya diski za kiuno huongezeka mtu anapoinama mbele, na huzidi akiwa amebeba mzigo. Uti wa mgongo umeumbwa ukunjike, wala kuinama si sumu. Lakini mgongo unaouma hauvumilii kuinama kwa saa nzima. Kosa lilikuwa kuishia hapo.

Tulipokaa na mtaalamu wa tiba kwa vitendo, tuliacha kupima mzee anaweza kuinama kiasi gani, tukauliza njia ya reli inaweza kuinuliwa kiasi gani. Miezi kadhaa baadaye alituletea picha. Alikuwa amesimika nguzo za mbao, akapigilia mbao juu yake, na njia sasa ilikuwa chini kidogo ya viwiko vyake. Alichimba shimo moja kwa siku. Mifuko ya saruji ya kilo 25 ilibebwa na mwanawe. Jambo moja lilikaribia kumponyoka: njia ilikuwa mzunguko uliofungwa, na ili kufika katikati angelazimika kupita chini yake akiwa amejikunja. Akatengeneza daraja lenye bawaba, linalofunguka kama lango. Pembeni aliweka stuli, kwa kuwa kusimama muda mrefu nako huchosha. Maumivu hayakumwisha, lakini kile kiti cha televisheni alikiacha.

Naona sisi watumishi wa afya tuna haraka mno ya kutamka neno “acha”. Ni neno jepesi kuandikwa kwenye kadi, lakini mgonjwa huondoka nalo kama hukumu. Asiyesogea hupoteza nguvu za misuli, na aliyenyang’anywa jambo analolipenda hupoteza pia sababu ya kusogea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza elimu na mazoezi, na haupendekezi mikanda ya kiuno kuwa tiba ya kawaida. Hata hivyo, ni mara ngapi mgonjwa wetu huondoka na mkanda, bila kuulizwa swali hata moja kuhusu kazi yake?

Atakuwepo wa kusema kwamba hayo ni mambo ya wenye bustani na nafasi. Pingamizi hilo ni la haki, ila linaihusu reli, haligusi kanuni yenyewe. Mama anayepika kwenye mafiga anaweza kujengewa jiko juu ya matofali. Bibi aliyekatazwa bustani anaweza kupanda mchicha kwenye gunia lililojazwa udongo, akachuma akiwa amesimama. Karai la kufulia linaweza kuwekwa juu ya meza. Hata muuguzi anayefunga kidonda anaweza kupandisha kitanda kwanza, pale kinapopandishika.

Tahadhari ni moja. Maumivu ya kiuno yanayoambatana na homa, kupungua uzito bila sababu, udhaifu wa miguu, ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo yanahitaji hospitali kwanza; mambo ya nguzo na meza yatafuata baadaye.

Kwa wenzangu, naomba swali moja liongezwe katika kila mahojiano: ni kazi gani umeiacha kwa sababu ya maumivu? Nawe mgonjwa, usisubiri kuulizwa. Simama wima, kunja mkono, na umwombe mwenzako apime kwa kamba kutoka ardhini hadi kwenye kiwiko chako. Njoo na kamba hiyo kliniki, ututajie kazi unayoipenda, tutafute pamoja namna ya kuiinua.