Ni Paka Tu, Wanasema

Katika chumba cha wahadhiri hapa Iringa, mwenzangu mmoja aliniuliza kwa nini kila mwisho wa mwezi napanda basi kwenda Mbeya. Nilimjibu kweli: mama ana paka mwenye kisukari, nami humpelekea stripu za kupimia sukari. Meza nzima ilicheka. Kicheko kilipotulia, akasema kwa sauti ya mtu anayefunga kesi: “Nchi hii ina watoto wanaokufa kwa kukosa insulini, nanyi mnamchoma sindano paka.”

Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi mno kuiacha ipite. Ina sura ya huruma, na kwa hiyo kila anayeisema hutoka mezani akiwa mshindi. Naomba leo tuipime, tena kwa hesabu.

Mama ni mgonjwa wa kisukari kwa miaka mingi. Anajidunga yuniti 16 asubuhi na 8 jioni, jumla 24 kwa siku. Chupa yake ina mililita 10, yaani yuniti 1,000, na maelekezo yake ni kwamba ikishafunguliwa itumike ndani ya wiki nne, kisha itupwe. Kwa siku 28 mama hutumia yuniti 672. Zinabaki 328, na zote huenda jalalani. Paka wake, Sikujua, hupata yuniti moja asubuhi na moja jioni: 56 kwa muda huohuo. Hata tukitoa zile zinazopotea kwenye bomba la sindano, paka huyu anaishi kwa makombo ya dawa. Mtoto anayekosa insulini Rungwe au Kilolo hakunyang’anywa na Sikujua. Alinyang’anywa na bei, na umbali, na zahanati isiyo na friji, na sisi wenye mishahara ambao hatujawahi kuandika hata barua moja juu yake. Mwenzangu yule hakuwahi kumtaja mtoto huyo kabla ya siku ile. Alimhitaji ili amshinde paka.

Sasa nirudi nyuma, kwa sababu namna paka huyu alivyougua ndiyo inayonikasirisha zaidi kuliko kicheko.

Miaka miwili iliyopita Sikujua alipata mwasho, akajikuna hadi manyoya ya shingo yakaisha. Mama alimbeba kwenye kapu hadi duka moja la dawa za mifugo. Kijana wa kaunta, ambaye sina hakika kama aliwahi kukaa darasa lolote la tiba, alimdunga sindano “ya kukausha mwasho.” Mwasho ukakoma. Ulipoanza tena, sindano tena. Ilikuwa deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, ambayo ni msaada mkubwa mikononi mwa anayeijua na ambayo ikirudiwarudiwa huufanya mwili wa paka usiitikie insulini yake mwenyewe. Siwezi kuapa kwamba sindano zile ndizo zilizomtia kisukari. Alikuwa paka dume aliyehasiwa, mnene, mwenye umri mkubwa, na hao wote wamo hatarini. Lakini kila anayejua tiba atakwambia kwamba steroidi ni njia inayofahamika ya kufika huko. Hakuna aliyempima, wala aliyemwonya mama.

Aliyegundua ugonjwa ni mama mwenyewe. Paka alianza kumaliza bakuli la maji mara mbili kwa siku, akakojoa kwenye gunia, na asubuhi mama akaona sisimizi wamejipanga kwenye gunia lile. Mwanamke aliyeishi na ugonjwa huu hahitaji kuelezwa maana ya sisimizi. Akachukua kipimo chake, akamchoma paka pembeni ya sikio, kikasoma 24. Alipima tena kesho yake, paka akiwa ametulia, kwa kuwa hofu peke yake yaweza kuipandisha sukari ya paka. Haikushuka. Wiki chache baadaye Sikujua akaanza kutembea kwa visigino vya miguu ya nyuma, kama sungura aliyechoka. Ni mishipa ya fahamu iliyoathiriwa na sukari.

Mama alinipigia simu. Nami, mwandishi wa makala hii inayowasuta wengine, nilimjibu: “Mama, si ni paka tu?” Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Sawa, mwanangu,” akakata.

Tulizunguka kutafuta daktari. Tulikutana na maafisa mifugo wenye adabu, waliosema bila kuficha kwamba wao ni watu wa ng’ombe na kuku. Maabara moja ya watu ilikataa damu ya paka, na siwalaumu. Hatimaye daktari wa wanyama aliyeko Dar es Salaam, tuliyeunganishwa naye kwa simu, ndiye aliyetuongoza kipimo cha dawa na ratiba. (Msomaji mwenye paka asiige namba zilizo hapa, yuniti moja inayomfaa huyu yaweza kumuua mwingine.) Ni yeye aliyesema kwamba insulini ya mama huisha nguvu mapema katika mwili wa paka, na kwamba glajini ingefaa zaidi. Na ni yeye aliyetueleza kwamba kisukari peke yake kingekuwa jambo jepesi.

Kwa maana Sikujua ana meno mabovu na, kwa dalili zote, figo zinazochoka. Kila ugonjwa unaufungia mwenzake mlango. Fizi zenye usaha huifanya insulini isifanye kazi vizuri, kwa hiyo meno yang’olewe. Kuyang’oa kunahitaji dawa ya usingizi, na figo dhaifu huiogopa, kwa hiyo figo zipimwe kwanza. Kuzipima kunahitaji maabara. Chakula nacho ni fumbo: kisukari cha paka kinataka nyama na samaki, wanga kidogo kabisa, wakati figo zinaomba fosforasi ipunguzwe, na fosforasi imejaa kwenye dagaa, mifupa na vyote. Ugali wenye mchuzi, ambao ndio chakula cha paka wote wa Nyanda za Juu Kusini, haufai hata kidogo.

Na siku meno yanapouma, paka hali. Asipokula huku amekwisha kuchomwa, sukari huporomoka. Usiku mmoja wa Julai mama alimkuta sakafuni anatetemeka na macho yamegeuka. Alimpaka asali kwenye fizi kwa kidole, kidogokidogo, hadi alfajiri. Tangu hapo hachomi kabla ya kuona amekula. Mwanamke wa darasa la saba, kwenye baridi la Uyole, anaendesha wodi.

Daktari wa kumsaidia angetoka wapi? Nchi yetu inafundisha madaktari wa wanyama Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na sina shaka na akili zao. Lakini mfumo mzima unaowasubiri nje humpima mnyama kwa kilo, lita na trei. Hata hapa Iringa pana kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari, na Uyole pana taasisi ya utafiti wa mifugo. Ni mambo mema, yaliyojengwa kwa ajili ya kundi na kwa maradhi yanayotoka ng’ombe hadi ng’ombe. Sipingi. Ndigana humfilisi mfugaji, kisukari cha paka hakimfilisi mtu. Ninachopinga ni kuigeuza bajeti kuwa maadili, tukadhani kwamba kisichoingia kwenye bajeti hakiumwi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haikuandikwa kwa ajili ya wanyama wanaouzika tu. Paka wa Mbeya hukutana na serikali siku moja kwa mwaka, siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na hapo pia ni kwa usalama wetu. Simba wa Ruaha ana askari, ana watafiti, ana ramani. Panya buku wa Morogoro amepewa kazi ya kunusa kifua kikuu, na anastahili heshima yake. Anayelinda mahindi ghalani hana hata mizani ya kumpimia uzito.

Wanaosema “hiyo ni anasa ya wazungu” wasome historia ya dawa wanayoitetea. Kongosho lilijulikana kuwa kiini cha kisukari baada ya Minkowski na von Mering kulitoa kwenye mwili wa mbwa, Strasbourg, mwaka 1889. Insulini ilipopatikana Toronto mwaka 1921, waliotangulia kuipokea, na wengi kuifia, walikuwa mbwa. Kwa miaka 60 hivi baada ya hapo, binadamu waliishi kwa insulini iliyokamuliwa kutoka kongosho za ng’ombe na nguruwe wa machinjioni. Ya binadamu, iliyotengenezwa kwa bakteria, ilianza kuuzwa mwaka 1982. Wagunduzi waliuza haki yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja. Miaka 100 imepita, na bei bado inaua. Anayetaka kugombana juu ya insulini, adui yake hayuko kwenye kapu la mama yangu.

Liko jambo jingine ambalo wacheshi wa mezani hawalifikirii. Pasipo na daktari wa kutibu, hapana pia wa kumaliza mateso. Figo za Sikujua zitafika mwisho wake, na siku hiyo ingepasa awepo mtu mwenye sindano ya mwisho, safi, ya dakika chache. Kwetu kilichopo ni sumu ya panya, au gunia na mto, au kumtelekeza sokoni ili afe machoni pa wengine. Nimeona yote matatu, tangu utotoni, na sikuwahi kusikia mtu akiyaita ukatili. Waliyaita busara.

Ninayoyadai si makubwa. Dawa za steroidi zisiuzwe wala kudungwa na muuza duka, kwa paka, mbuzi wala mbwa, na wakaguzi wapite kuliangalia hilo. Maabara za mikoa zipokee damu ya mnyama yeyote anayeletwa na mwenyewe anayelipa. Na katika kila jiji la ukubwa wa Mbeya apatikane angalau daktari mmoja ambaye si lazima umwombe radhi kabla ya kumtajia paka.

Ijumaa hii nasafiri tena, zaidi ya kilometa 300, kupitia Mafinga na Makambako. Nimepata glajini. Nitaibeba kwenye chupa ya chai yenye maji baridi, bila barafu, kwa kuwa ikiganda imekufa. Mama ameniambia niongeze stripu za kipimo, maana mwezi uliopita zilikaribia kuisha, na kwa siku tatu alimpima paka akaacha kujipima yeye. Hilo aliliruka haraka kwenye simu. Nitalizungumza naye nikifika, na sijui bado nitaanzaje.