Karatasi Tupu Inayomeza Bando

Jamani, wiki hii nina neno na nyie wenye laptopu za mtumba mnaotumia Linux. Mmezidi kuunguza bando halafu mnakuja kulia kijiweni!

Juzi mshikaji mmoja wa Area C kanijia mbio, jasho linamtoka kama kafukuzwa na mgambo. Eti alitaka kufuta programu moja tu kwenye Ubuntu, mashine ikamjibu kuwa ubuntu-desktop nayo itaondoka. "Si ndio kompyuta nzima inakwenda na maji?" Nikamwambia tulia baba, hiyo ni metapakeji.

Pakeji ya kawaida ndani mna kitu: programu yenyewe na mafaili yake. Metapakeji ni sawa na ile fomu ya kujiunga na sekondari ya bweni. Karatasi hailaliwi wala haichotewi maji. Imeandikwa tu: godoro, ndoo, jembe, fagio. Mzee anazunguka nayo Soko la Majengo, anarudi mfuko mweupe. Ukiichana, godoro halipotei!

Ubuntu-desktop ndiyo hiyo fomu. Ikiondoka peke yake kompyuta haifi. Ila kabla ya kuhamia toleo jipya irudishe, maana yenyewe ndiyo inayojua vitu vipya vinavyotakiwa. Na ukiandika autoremove, soma kwanza inataka kufagia nini. (Mambo haya Ubuntu ya yule Msauzi, Mark Shuttleworth, iliyotoka 2004, iliyarithi kwa Debian ya 1993.)

Kimbembe chenyewe kiko kwenye kuingiza. Nyie wa UDOM mnaoandika ripoti zenye mahesabu mnaipenda sana texlive-full. Yenyewe ni kilobaiti chache tu, lakini nyuma yake zimejipanga gigabaiti kadhaa. Unabonyeza Y usiku, asubuhi huna hata MB ya kumsalimia mpenzi WhatsApp. Na apt ilikutajia ukubwa kabla ya kukuuliza, hukusoma! Kwa ripoti ya kawaida, texlive-latex-recommended inawatosha wengi.

Kabla hujaingiza kitu usichokijua, andika apt show na jina lake. Ukiona ukubwa wake kiduchu, halafu kwenye Depends majina yamejazana kama abiria wa daladala jioni, hiyo ni fomu. Hesabu MB zako kwanza.