Msizibe matundu ya risasi

Kolwezi, mji wetu wa migodi katika jimbo la Katanga nchini Kongo, una historia ya magari ya vita. Katanga ilipojitenga na Kongo, 1960 hadi 1963, malori ya kawaida yalivishwa mabamba ya chuma kwenye karakana za kampuni ya migodi ya Union Minière yakawa deraya. Waliotengeneza mitambo ya shaba ndio waliounda silaha. Tarehe 13 Mei 1978 waasi wa FNLC, kundi lililopigana na serikali ya Zaire (jina la Kongo wakati huo), waliingia Kolwezi kutoka Angola, wakateka deraya za Panhard AML za jeshi la Zaire na kuwageuzia wenyewe. Siku sita baadaye askari wa miavuli wa Ufaransa walishuka mjini kwa miavuli. Waliuawa mamia, Wakongo na Wazungu.

AML ni gari dogo: magurudumu manne, watu watatu, injini nyuma inayopozwa kwa hewa. Mafundi wetu wanaofufua malori ya migodini wanaweza kabisa kuikarabati. Ombi langu kwa wakarabati wote wa magari haya: toeni kutu, fufueni injini, lakini matundu ya risasi msiyazibe wala kuyapaka rangi. Na pembeni andikeni majina ya raia waliokufa, si ya vikosi peke yake.