Masizi ya Bert Williams yana wenyewe
Jukwaa la Jumapili, na Hamisi Mbwana

Wapo wanaolitaja jina la Bert Williams kwa aibu. Wakiona picha yake, mtu mweusi aliyejipaka masizi usoni ili Wazungu wacheke, wanakata shauri papo hapo: huyu alijiuza. Mimi nasema wamemshika asiye na kesi.

Williams alizaliwa Nassau, Bahamas, mwaka 1874, akahamia Marekani utotoni pamoja na wazazi wake. Alipopanda jukwaani miaka ya 1890 alikuta soko limeshapangwa. Waigizaji Wazungu walijipaka masizi ya kizibo kilichochomwa, wakamwigiza mtu mweusi waliyembuni wenyewe: mvivu, mwoga, mwizi wa kuku. Williams, kijana wa maji ya kunde mwenye lafudhi nyingine kabisa, hakufanana na kinyago hicho. Ilimbidi ajifunze matamshi yasiyo yake na ajipake weusi usio wake, ndipo akubalike kuwa mweusi.

Wahenga walisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Yeye hakuishia kubusu. Mwaka 1903, pamoja na mwenzake George Walker, aliingiza Broadway *In Dahomey*, mchezo wa muziki uliotungwa na kuchezwa na watu weusi, kisha wakavuka nao hadi London na kuucheza katika Kasri la Buckingham. Mwaka 1910 akachukuliwa na Ziegfeld Follies, kundi la Wazungu, na baadhi yao wakatishia kugoma. Mwenye kundi, Florenz Ziegfeld, aliwajibu kwamba angeweza kupata mbadala wa kila mmoja wao, isipokuwa Williams.

Ushahidi mzito zaidi umo kwenye filamu bubu. Mwaka 1913 kampuni ya Biograph ilimpiga picha akiongoza waigizaji weusi zaidi ya 50. Mwenye masizi ni yeye tu. Wenzake wana nyuso zao wenyewe: wanavaa wakapendeza, wanacheza dansi, wanataniana. Na Williams anambusu mchumba wake katika hadithi, Odessa Warren Grey, busu la mapenzi lisilo na kejeli. Kwa kuubeba utani wa soko peke yake, aliwaachia wengine nafasi ya kuonekana watu.

Wenye kampuni hawakuimalizia filamu hiyo. Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York lilizipata negativu zake mwaka 1939, na watazamaji wakaonyeshwa mwaka 2014. Williams alikuwa amefariki tangu 1922, akiwa na miaka 47.

Masizi yale yalikuwa ushuru wa mlangoni, na wa kuulizwa ni aliyeutoza, si aliyelipa. Kinyago na busu vyote viwili vilikuwa kazi ya Williams. Kinyago kilikatiwa tiketi miaka yote hiyo; busu lilikaa stoo karne nzima. Uamuzi huo hakuufanya yeye.