Kila jina ni deni

Niliahidi wiki hii niandike kuhusu yule mwalimu wetu wa testi za Jumatatu asubuhi, lakini huyo atasubiri. Leo nina hasira nyingine.

Jioni nikiwa kwenye foleni ya msosi simu ikaanza kulia mfululizo. Kutazama, nimeingizwa kwenye grupu la WhatsApp bila kuulizwa. Jina la grupu lina mioyo miwili na pete. Kaka yangu, mtoto wa baba mdogo, anaoa. Kamati imeshaundwa, mwenyekiti kashapatikana, wageni 400, ukumbi uko huko huko kwetu barabara ya Bagamoyo, na mimi kwenye orodha nimeandikiwa 100,000. Mwanafunzi jamani! Boom la siku lilipandishwa mwaka 2022 kutoka 8,500 hadi 10,000, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Siku kumi nisile ili watu 400 wale usiku mmoja, na kati yao 300 bwana harusi hawajui hata kwa sura.

Ila ningekuwa nalalamikia pesa tu ningelala. Kinachonikera ni ile 400. Nimeitazama ile namba nikajisemea, hivi sisi mwaka 2020 na 2021 tulikuwa tunaota?

Kwa wasionifahamu, kwetu ni Boko, ile ya ndani ukishavuka Magengeni. Mwaka 2020 nilikuwa kidato cha nne. Dada yangu wa kwanza kuzaliwa alikuwa aolewe Jumamosi ya tarehe 18 Aprili, wiki moja baada ya Pasaka. Mnajua mambo yalivyo, Kwaresima watu hawafungi ndoa, kwa hiyo Pasaka ikipita tu kila Jumamosi kuna matarumbeta. Na mwaka ule Ramadhani ilikuwa inaanza mwishoni mwa Aprili, hivyo na Waislamu nao walikuwa wanakimbizana kumaliza harusi zao kabla ya mfungo. Yaani corona ilituingilia kwenye msimu wenyewe kabisa.

Tarehe 16 Machi Waziri Ummy Mwalimu akatangaza mgonjwa wa kwanza, Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu Majaliwa akafunga shule na kuzuia mikusanyiko. Mimi nikarudishwa nyumbani na begi langu, na kwa kuwa sikuwa na kazi nikapewa daftari la michango. Katibu msaidizi wa kamati nikiwa na miaka kumi na sita! Mwenyekiti alikuwa mjomba, kaka yake mama, mtu wa sauti kubwa na roho nzuri. Ukifika kwake hujala, unakula kwanza ndipo unaeleza kilichokuleta.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyokaa, maana hapa ndipo ugomvi wangu ulipo. Wenzetu walipewa namba. Uganda, Museveni alisema mwezi huo huo wa Machi kwamba asiyeweza kusubiri afunge ndoa na watu wasiozidi 10. Kenya wakaweka amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, sasa hapo utakesha na MC gani? Kule Uingereza ndoa zilisimamishwa kabisa mwezi Machi, na zilipofunguliwa tarehe 4 Julai pale England, mwisho ilikuwa watu 30. Sisi mikusanyiko ilizuiwa lakini nyumba za ibada zikabaki wazi. Kwa hiyo kanisani ndoa inafungwa, ukumbini hakuna kitu. Nani aje, nani asije, hiyo ikawa kazi ya kila familia na akili yake.

Kikao kikaitishwa. Mjomba akasema, "Dada, tuahirishe, watu wamechanga." Mama akamjibu, "Kaka, tumetangaza kanisani mara tatu, mtoto ataolewa. Ukumbi ndio utaahirishwa, ndoa haiahirishwi." Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho mama akashinda, nikaambiwa nipunguze orodha kutoka 350 hadi 30.

Jamani, kupunguza orodha! Nilikaa na lile daftari siku mbili. Kila nikitaka kufuta jina naambiwa huyo usimguse, alitoa laki. Huyu naye acha, tulimchangia mtoto wake 2017 asipokuja atatusema. Huyu bosi wa baba. Yule jirani alitoa mahema wakati wa msiba wa babu. Ndipo nikaelewa kwamba lile halikuwa daftari la wageni hata kidogo. Lilikuwa daftari la madeni. Kila jina ni deni, ama tunadai ama tunadaiwa. Mnajua nani alikuwa rahisi kufuta? Marafiki wa dada! Wale aliosoma nao, waliolala naye kitanda kimoja bwenini, hao walifutwa dakika tano tu kwa sababu walikuwa hawajachanga kitu. Aliyempenda bibi harusi akatoka, aliyelipa akabaki. Niambieni kama hiyo ni harusi ya nani.

Hata hivyo siku ilifika. Ilikuwa katikati ya zile siku tatu za maombi ya kitaifa, 17 hadi 19 Aprili. Kanisani tulikuwa 26. Ndoo ya maji tiririka mlangoni, sabuni, kila benchi watu wawili, mmoja huku mwingine kule. Wote tuna barakoa za kitenge alizoshona mama mwenyewe kwa mabaki ya sare. Baada ya hapo tukarudi nyumbani tukala pilau chini ya mwarobaini, spika ya mjomba ikapiga muziki, bibi akacheza na shemeji mpaka akaomba kiti. Saa kumi na mbili jioni tumeshaosha vyombo. Dada mpaka leo ukimuuliza siku ya harusi yake anaitaja ile. Picha aliyoweka sebuleni ni ya pale mwarobaini, kavaa shela na barakoa ya kitenge, anacheka kwa macho.

Mngedhani imeisha? Thubutu. Wiki iliyofuata simu zikaanza. "Hongereni, tumesikia. Sasa sisi tunakula lini?" Wenye kadi ya singo walitoa 50,000, wenye dabo 80,000, na walitaka viti vyao. Mwenye ukumbi naye kasema malipo ya awali hayarudi, chagueni tarehe nyingine. Hapo takwimu za ugonjwa zilishakoma, mara ya mwisho tulisikia wagonjwa 509 na vifo 21, basi. Mwezi Juni Rais Magufuli akasema Mungu ameiondoa corona nchini. Tarehe 11 Julai sisi hao ukumbini, watu karibu 300. Dada mjamzito wa miezi mitatu anavalishwa shela mara ya pili, zipu haipandi, shangazi anavuta huku anaomba. Ndoo ya maji ilikuwepo mlangoni kwa heshima tu, sabuni iliisha kabla ya keki. MC akatuambia mgeukie jirani yako mkumbatie. Tukakumbatiana.

Ile tulipona. Labda ugonjwa haukuwepo usiku ule, labda ulikuwepo ukatupita, sijui, na hakuna aliyepima.

Iliyofuata ndiyo iliyonitoa machozi. Februari 2021, mtoto wa mama mdogo anaolewa Jumamosi ya tarehe 13, siku nne kabla ya Jumatano ya Majivu. Mjomba ndiye mwenyekiti tena, si alishasifiwa kwa ile ya kwanza. Mimi nasubiri kwenda kidato cha tano, kwa hiyo daftari ni langu. Wakati huo mtaani watu walikuwa wanazikwa. Wote tulikuwa tunajua, tunasema tu kwa mafumbo, "changamoto ya kupumua". Mwishoni mwa Januari chama cha ACT-Wazalendo kilishasema wazi kwamba Maalim Seif ana corona. Kwenye kikao nikanyoosha mkono nikasema, mjomba, tufanye kama ya dada, watu 30 nyumbani. Kamati ikacheka. Mjomba hakucheka. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, unasema kweli, lakini watu wameshachanga. Nitawaambia nini?"

Nitawaambia nini. Hilo neno silisahau.

Kadi 320 niliziandika majina kwa mkono wangu, kwa hiyo mimi pia nimo kwenye hii lawama, sijitoi. Mjomba alisimama mlangoni usiku mzima akisalimiana na kila mgeni kwa mkono maana ndiyo kazi ya mwenyekiti. Jumatano ya tarehe 17 zikaja habari mbili kwa siku moja, Maalim Seif amefariki, Balozi Kijazi amefariki. Jioni yake mjomba akaanza kukohoa. Tulimfukiza nyungu, tukamnywesha tangawizi na malimau, halafu hospitali, halafu mtungi wa oksijeni. Wiki ya kwanza ya Machi tukamzika. Hakupimwa, kwa hiyo sitasema alikufa kwa nini na sitasema aliupata mlangoni pale. Nasema tu kwamba alijua, mimi nilijua, na bado tulishindwa kuwaambia watu 290 wabaki nyumbani kwa sababu tulishakula pesa zao.

Sasa najua mtakachosema, maana rumeti wangu nimemsomea nusu ya haya kashaanza. Anasema michango ndiyo bima yetu maskini. Bila kuchangiana mtoto wa mlala hoi ataolewaje, na ukikataa leo, siku yako nani atakuja? Tena anasema mimi nina machungu ya msiba nayapeleka kwenye harusi ya watu.

Machungu ninayo, sikatai. Na kuchangiana sikukatai pia. Lakini hebu tazameni msiba wa mjomba huyo huyo. Watu walichanga rambirambi, daftari lilikaa mezani, waliotoa 2,000 na waliotoa laki wameandikwa ukurasa mmoja. Kuna aliyeulizwa kadi getini? Kuna aliyepiga simu kudai sahani yake kwa sababu alituma kwa M-Pesa akashindwa kufika? Wengi hawakuja, tuliwaambia wenyewe wasije kwa sababu ya ule ugonjwa, na bado wakatuma. Ina maana tunaweza! Tunajua kabisa kumpa mtu pesa bila kununua kiti. Ni kwenye harusi tu ndipo mchango unageuka tiketi. Na ukishakuwa tiketi, kamati haiwezi tena kupunguza mtu hata mmoja, hata kukiwa na ugonjwa, hata kukiwa na mafuriko Tegeta yote imejaa maji.

Mniwie radhi lakini serikali mimi siilaumu peke yake kama wengine wanavyopenda. Ndiyo, namba haikutolewa kama ya Museveni. Ila mama yangu hakungoja namba. Alisema 30 wakawa 26, na hakuna askari aliyekuja kutuhesabu. Kilichotushinda mara ya pili hakikutoka Dodoma, kilitoka kwenye lile daftari.

Na msinidanganye kwamba ni kwa heshima ya maharusi. Kaka yangu huyu anayeoa nimempigia saa mbili usiku huu. Nimemwuliza, shikamoo kaka, wewe unataka wageni wangapi? Akanyamaza kidogo, akasema, "Marahaba. Mimi na mwenzangu tulisema 50. Wazee wamesema ni aibu." Aibu! Mtu anaanza maisha na deni la mapambo na gari la kukodi ili wazee wasione aibu mbele ya watu wasiowajua.

Basi nimejibu kule kwenye grupu. Nimeandika kwamba nitatoa 20,000, ni zawadi, sitaki kadi, sitaki kiti, namba yangu ya kiti apewe rafiki mmoja wa bwana harusi ambaye hana cha kuchanga. Nikaomba kamati iulize kila mchangiaji kama yuko tayari kuchanga hivyo hivyo, na majibu yaandikwe kabla ya kulipia ukumbi, maana tukishalipia haurudi. Tiki za bluu nazihesabu hapa, wamesoma 41. Aliyejibu ni mmoja tu, shangazi, kaweka alama ya mikono ya kuomba, sijui ananiombea au ananisihi ninyamaze.

Kikao ni Jumapili saa kumi, Boko. Jumatatu asubuhi nina ile testi. Nitapanda daladala ya Bunju na desa langu mkononi, na kwenye begi nitaweka lile daftari la 2021, bado ninalo, lina mwandiko wa mjomba ukurasa wa kwanza.